Mkufunzi wa biashara anapataje wateja kijijini? Mfano wa Ipole, Tabora

Ukufunzi wa biashara, ambao mitandaoni wengi wanauita "ukocha", ni kazi ya kumsaidia mtu aendeshe biashara yake vizuri zaidi, kwa malipo. Mkufunzi haleti mtaji wala bidhaa. Anauza muda wake, maswali yake na kile anachokijua. Mijini kazi hii imeshapata wateja: kuna semina za hotelini, makundi ya WhatsApp ya kulipia, na watu wanaojiita makocha wa maisha, wa fedha na hata wa ndoa.

Kijijini mambo ni tofauti, kwa sababu ushauri umezoeleka kuwa kitu cha bure. Bwana shamba anatoa bure. Afisa nyuki wa wilaya anatoa bure. Mradi ukija, hauishii kutoa mafunzo bure, unawapa na posho waliokuja kusikiliza. Mkufunzi anayetaka kuishi kwa kazi hii anamwomba mtu alipie kitu ambacho wiki iliyopita alilipwa ili akisikilize. Mbinu za kujitangaza za mjini, zile za picha ya suti na maneno ya kutia moyo, hapa hazifui dafu.

Ipole, kijiji cha Wilaya ya Sikonge, ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili.

Mteja wa Ipole ni nani?

Ipole iko kama kilomita 100 kusini mwa mji wa Tabora. Hapo barabara inagawanyika: moja inaenda Koga, Inyonga hadi Mpanda, nyingine inaelekea Rungwa na baadaye Chunya na Mbeya. Kwa hiyo kuna mabasi, malori, mama lishe, maduka, mafundi wa pikipiki na wauza asali wanaojaza kwenye chupa zilizotumika za maji.

Nyuma ya barabara kuna miombo. Watu wanalima tumbaku na mahindi, na wanafuga nyuki, wengi wao bado kwa mizinga ya magogo. Kuna pia hifadhi ya jamii ya wanyamapori ya Ipole, ambayo jumuiya yake inaitwa JUHIWAI. Wakazi ni Wanyamwezi, Wakimbu, Wakonongo, Wasukuma waliokuja na mifugo, na wafanyabiashara waliofuata barabara.

Kwa mkufunzi, hawa si mteja mmoja. Mama lishe wa njia panda anapata hela kila siku na anaweza kulipa kidogo kidogo. Mkulima wa tumbaku anasubiri soko, ambalo kwa kawaida hufunguliwa karibu Aprili au Mei, na malipo yanaweza kuchelewa. Mrina asali anapata mavuno makubwa kuanzia katikati ya mwaka. Mkufunzi anayetangaza huduma mwezi Januari, wakati mkulima yuko shambani na mfukoni hamna kitu, atasikilizwa kwa adabu na kuagwa kwa adabu. Hatapata mteja.

Shida ya jina la kazi

Neno "kocha" Tabora lina mwenyewe. Mkoa umekuwa na timu ya Ligi Kuu tangu 2023, ile iliyopewa jina la utani Nyuki wa Tabora, na mtu akisema yeye ni kocha swali linalofuata ni kocha wa timu gani. "Mshauri" nalo linawapeleka wengi kwenye ushauri nasaha wa hospitali. "Mwalimu" ni neno la heshima, ila mwalimu anajulikana kuwa analipwa na serikali. Na "mtaalamu"? Hilo lipo kwenye mabango ya waganga.

Njia rahisi ni kuliacha jina la kazi na kutaja kazi yenyewe. "Ninakaa na wafuga nyuki kupiga hesabu za asali kabla hawajauza." Mtu yeyote anaelewa. Anaelewa pia nani hahusiki, na hilo linaokoa muda wa pande zote mbili. Baada ya msimu mmoja kijiji chenyewe kitampa jina, na mara nyingi jina hilo litakuwa zuri kuliko alilojipa. Akiitwa "yule wa kilo na ndoo", ameshapata tangazo ambalo hakulilipia.

Makocha waliosomea kazi hii wanaweza kupinga. Shirika la International Coaching Federation, lililoanzishwa mwaka 1995, linatenganisha ukocha na ushauri wa kitaalamu: kwa maelezo yake kocha anamsaidia mteja atafute jibu mwenyewe, hampi jibu. Ni msimamo unaoeleweka, na sehemu yake moja, ile ya kuuliza na kusikiliza, inafaa sana vijijini. Lakini mtu aliyetembea saa mbili kwa miguu kuuliza kama bei aliyotajiwa ni nzuri anataka ajue kama bei ni nzuri. Mkufunzi anayejibu kila swali kwa swali ataonekana hajui kitu.

Swali moja lenye hela ndani yake

Tangazo zuri kwa mfuga nyuki wa Ipole linaweza kuwa fupi hivi: "Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo ngapi?"

Wengi watajibu 20, kwa sababu ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo hiyo ina karibu kilo 28. Anayeuza kwa ndoo huku akidhani anauza kilo 20 ana kilo nane ambazo hazijaingia kwenye hesabu yake.

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme kilo inauzwa shilingi 5,000. Kilo 20 ni shilingi 100,000, na kilo 28 ni shilingi 140,000. Kwenye ndoo kumi tofauti ni shilingi 400,000. Hapo mkufunzi anayeomba shilingi 60,000 kwa msimu mzima haonekani ghali, na hakuhitaji kusema hata neno moja kuhusu uzoefu wake.

Inabidi awe mkweli pia. Siyo kila anayenunua kwa ndoo anapunja. Huenda bei ya ndoo aliyoitaja tayari imehesabu kilo 28, au mnunuzi anabeba gharama ya usafiri kutoka kambini. Mkufunzi anachomfundisha mteja ni kupiga bei zote mbili, ya ndoo na ya kilo, kisha kulinganisha. Akianza kwa kuwaita wanunuzi wezi, atajikuta na maadui barabarani, na baadhi yao ni ndugu za wateja wake.

Swali la pili la namna hiyo linahusu ubora. Asali ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega, inabaki na maji mengi na inaweza kuchacha ndani ya chombo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Kumwambia mtu asilimia haisaidii sana. Kinachosaidia ni kupanga chupa mbili mezani, moja ya asali iliyotoka kwenye masega yaliyozibwa na nyingine ya mabichi, na kuziacha hapo wiki kadhaa. Watu wataona povu wenyewe. Chupa hizo zikikaa kwenye duka la njia panda, kwa ruhusa ya mwenye duka, zitaeleza kazi ya mkufunzi kwa watu ambao hajawahi kukutana nao.

Kwenye masoko kanuni ni hiyohiyo hata kama mteja ni mama lishe au fundi pikipiki. Mama lishe anaweza kuulizwa sahani ngapi za wali zinatoka kwenye kilo moja ya mchele. Fundi anaweza kuulizwa kazi ngapi alizofanya mwezi huu hazijalipwa. Swali zuri ni lile ambalo mtu akifika nyumbani anajikuta anapiga hesabu.

Kuongea na mtu aliyekuzidi umri

Wakufunzi wengi ni vijana na wafuga nyuki wengi ni watu wazima. Kijana kumuuliza mzee moja kwa moja "unapata shilingi ngapi?" ni utovu wa adabu, na jibu atakalopata halitakuwa la kweli. Hela ya mtu haiulizwi hivyo.

Mazungumzo yanayofanya kazi yanaenda zaidi namna hii:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante, nimekaribia. Habari za mizinga?"

"Nzuri. Nyuki wameingia safari hii, ila bei ndo ileile."

"Watu wa huku mnauza kwa ndoo au kwa kilo?"

"Kwa ndoo. Mnunuzi anakuja na ndoo zake."

"Na ndoo zake zote zinalingana?"

Mzee anacheka kidogo. "Hapo sasa."

Maswali yote yanahusu "watu wa huku", hayamhusu mzee peke yake. Amepewa nafasi ya kueleza tatizo bila kukiri kwamba yeye ndiye aliyepunjwa, na tatizo amelitaja mwenyewe. Akitaka kuendelea ataendelea. Asipotaka, salamu zimeshafika na kesho ipo.

Kujua maneno machache ya kienyeji kunasaidia. "Mwangaluka" ya asubuhi inafungua milango mingi kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Utani wa makabila nao ni mtaji. Mgogo aliyekwenda Unyamwezini ana haki ya kutania na kutaniwa, utani ambao mizizi yake ni misafara ya zamani iliyokuwa ikipita Ugogo kwenda na kurudi pwani. Ila utani ni wa kuanzia tu. Ukifika wakati wa kutaja ada, mwenye akili anabadilisha sauti, maana bei iliyotajwa kwa utani italipwa kwa utani.

Halafu kuna kusikia jibu. "Tutaona." "Mungu akijalia." "Nitakutafuta." Mgeni anayaandika haya kwenye daftari kama ahadi, wakati mara nyingi maana yake ni hapana iliyofungwa vizuri ili asivunjike moyo. Anayerudi kesho na keshokutwa kumkumbusha mtu aliyesema "tutaona" anageuka usumbufu. Aliyekubali kweli huwa anauliza kitu: siku gani, wapi, aje na nini, mke wake au kaka yake aje pia? Hilo swali la mwisho lisipuuzwe. Matumizi ya hela ya msimu mara nyingi yanaamuliwa nyumbani na watu zaidi ya mmoja, na mkufunzi aliyezungumza na mume peke yake anaweza kukuta makubaliano yamevunjika asubuhi kwa sababu nzuri kabisa ambazo hakuwapo kuzisikia.

Posho

Hakuna dawa kamili ya tatizo la posho. Miradi imekuja na kuondoka kwa miaka mingi, na watu hawana kosa kuuliza "kuna nauli?" wanapoitwa kwenye kikao. Wameacha kazi kuja.

Mkufunzi anayejaribu kushindana na miradi kwa kutoa soda na nauli atamaliza hela zake na atabaki na wasikilizaji wasiolipa. Afadhali asiite kikao kabisa. Awafuate watu walipo: kwenye mnada, kwenye ghala la AMCOS siku ya kupima tumbaku, kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kingefanyika hata asipokuwepo. Akipewa dakika kumi kwenye kikao cha wenzake, azitumie kumi, asizifanye saa nzima. Mzungumzaji anayemaliza kwa wakati anakumbukwa, kwa vile ni wachache.

Kabla ya hayo yote anapita kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na kueleza anafanya nini na anatoza kiasi gani. Hii siyo hisani anayowafanyia. Mgeni anayekusanya hela za watu bila uongozi kujua ataitiwa mgambo, na akiitiwa atakuwa amejitakia.

Kwa nini watu wanaogopa

Kuna historia hapa, na mkufunzi anayeipuuza hataelewa kwa nini watu wazuri wanamkwepa.

Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, mpango wa upatu ambao watu walikuwa "wanapanda mbegu" ya fedha wakitarajia kuvuna maradufu. Watu wengi nchini walipoteza akiba zao. Huko Kenya, kati ya 2013 na 2014, kulizuka homa ya kware. Semina zilijaa, mayai yakasifiwa kwa kila dawa, na watu wakanunua ndege kwa bei ya juu. Soko lilipojaa bei ikaporomoka. Waliotoka salama ni pamoja na waliokuwa wanauza vifaranga na mafunzo, hela waliyoshika mapema.

Mkufunzi wa Ipole anaongea na watu waliosikia habari kama hizi au zilizowapata. Maneno "fursa", "mara mbili", "usikose" na "nafasi chache" yamechakaa, na masikioni mwa wengi yana harufu ya utapeli. Lugha inayoaminika ni ya kiasi. "Huenda ukaongeza kitu kwenye ndoo kumi za kwanza. Mvua ikiharibu maua, hata mimi sitaweza kitu." Anayeanza kwa kutaja mipaka ya huduma yake anasikilizwa vizuri zaidi akifika kwenye faida.

Njia nyingine ya kupunguza hofu ni kugawa malipo: sehemu ndogo mwanzoni, iliyobaki baada ya mauzo. Inamuweka mkufunzi kwenye hatari ileile aliyomo mteja, na wateja wanalitambua hilo haraka kuliko maelezo yoyote. Ina ubaya wake. Kuna watakaouza kimyakimya na kusema hawajauza. Kwa hiyo malipo ya mwanzo lazima yatoshe angalau nauli na bando, vinginevyo msimu mmoja mbaya utamfungia mkufunzi duka.

Redio, simu na kambi ya msituni

Redio bado ina nguvu Tabora, na kipindi cha asubuhi kinafika mahali ambapo intaneti haifiki. Lakini redio peke yake inajulisha, haibadilishi kazi ya mtu. Tanzania ina mfano mkubwa wa hili. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwafikia takribani watu milioni mbili kwa kuunganisha vipindi vya redio na vikundi vya kusikiliza vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu. Watu walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mkufunzi anayelipia dakika tano za redio bila kupanga nani atakaa na wasikilizaji baada ya kipindi amenunua nusu ya kitu.

WhatsApp inafaa kwa wateja wa barabarani. Toleo lake la biashara, lililotoka mwaka 2018, linamruhusu mkufunzi kuweka saa za kazi, maelezo ya huduma na majibu ya haraka. Stetasi ya picha ya chupa mbili za asali itaonwa na watu wengi kuliko tangazo la maneno mengi. Lakini mrina asali akiwa kambini anaweza kukaa wiki kadhaa bila mtandao. Ujumbe wa sauti wa dakika nane utamsubiri mpaka atoke, atakuta mingine thelathini, na hatausikiliza. Kwa mtu kama huyo SMS moja yenye jambo moja inatosha: "Usirine masega ambayo hayajazibwa. Ukitoka pita njia panda tupime." Nayo itumwe kabla hajaingia msituni.

Jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: simu ya nyumbani huenda inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ujumbe unaotaja kiasi cha hela alichopata mteja unaweza kusomwa na mtu asiyetakiwa kukijua. Mambo ya hela yazungumzwe ana kwa ana au kwa kupiga simu.

Ushahidi unaoshikika

Kwenye njia za misafara zilizopita Tabora karne ya 19, mji ambao Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 ukiitwa Kazeh, alikuwapo kirangozi. Alitangulia mbele, amevaa kwa namna ya kumtofautisha, na wapagazi walipaswa kubaki nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kujua njia. Kirangozi aliyepoteza msafara hakuweza kujitetea kwa maneno, maana watu wote waliompima walikuwa nyuma yake wakiona.

Mkufunzi wa leo yuko kwenye hali inayofanana na hiyo. Kijiji kinaona. Mteja akiuza vizuri, jioni hiyohiyo kilabuni watu wanajua, na akiuza vibaya wanajua mapema zaidi. Hii inafanya wateja watatu wa kwanza wawe na uzito kuliko thelathini wanaofuata, na inafaa wachaguliwe. Asichukuliwe mtu kwa sababu tu ana hela. Achukuliwe mwenye mizinga ya kutosha kuonyesha tofauti, anayekubali kuandika, na ambaye majirani wanamchukulia mtu wa kawaida kama wao. Tajiri wa kijiji akifanikiwa watu watasema alikuwa nacho tangu mwanzo.

Ushahidi wenyewe ni daftari. Kurasa mbili zinatosha: ndoo, kilo, bei, nauli, kilichobaki, msimu huu na uliopita. Daftari likae kwa mteja, na mkufunzi abaki na nakala. Akitaka kuonyesha namba hizo au picha ya mteja kwa wengine, aombe ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za watu wa aina hii, na kuchapisha hela za mtu bila ridhaa yake ni kumletea wakopaji mlangoni hata kama sheria isingekuwepo.

Karatasi za biashara

Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, namba ya mlipa kodi inatolewa na TRA, na leseni inapatikana halmashauri. Wakufunzi wengi wanaahirisha haya mpaka wakue. Shida ni kwamba vikundi na vyama vya ushirika vinavyoweza kulipa ada nzuri huomba risiti na namba hizo siku ya kwanza. Kwa malipo ya mtu mmoja mmoja, lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inaondoa maswali mengi kuliko hela inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi.

Mkufunzi pia anatakiwa ajue kazi inapoishia. Magonjwa ya nyuki na masuala ya kuweka mizinga kwenye hifadhi ni ya afisa nyuki na wasimamizi wa eneo. Tabora ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, na anayetaka ufundi wa mizinga aelekezwe huko. Anayetaka nembo ya TBS kwenye chupa zake anaanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Kumpeleka mteja kwa mtu sahihi hakupunguzi kipato. Akirudi na majibu, atamwambia jirani ni nani aliyemwelekeza.

Msimu wa pili

Msimu wa kwanza ukiisha, mteja ameshajua kilo na ndoo. Hahitaji kulipia tena somo lilelile, na mkufunzi anayelirudia kwa maneno mapya ataachwa. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa kuwa waliandaa somo moja tu.

Kwa mfuga nyuki mambo ya kufuata yapo. Kuna nta, ambayo baadhi ya warinaji bado wanaitupa pamoja na masega matupu wakati ina soko lake. Kuna kuuza kwa pamoja, watu kumi au kumi na tano wakikusanya asali ya ubora mmoja ili wapate mnunuzi anayelipa kwa mizani. Kuna kugawa hela ya mavuno ili ifike mpaka msimu mdogo wa mwisho wa mwaka. Kila moja ni mazungumzo mapya, na kuuza kwa pamoja kunahitaji mkufunzi ajifunze kusuluhisha watu, kazi ngumu kuliko hesabu na inayostahili ada yake ya peke yake.

Wateja wengine watakuwa wamemaliza. Hao waagwe vizuri, daftari libaki kwao, na waulizwe jambo moja tu: kuna nani mwingine huku kwenu anauza kwa ndoo?